Barua ya wazi: Kabla ya timu ya superbike, tupeni lami ya Jumapili

Kwa waheshimiwa wa wizara yenye dhamana ya michezo, Baraza la Michezo la Taifa, na maofisa michezo wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro

YAH: TIMU YA TAIFA YA PIKIPIKI ZA MBIO

Shikamooni waheshimiwa.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kwa Mrombo, Arusha. Kazi yangu kubwa ni Boxer na TVS za bodaboda, na mara mojamoja pikipiki kubwa ya msafiri anayeelekea Namanga au Karatu na cheni imemlegea njiani. Kila msafara wa hizo kubwa unapopanda kutoka Dar es Salaam na kulala hapa mjini, linarudi wazo lilelile, na siku hizi naona linapata wasemaji wenye majina: Tanzania iwe na timu ya taifa ya superbike, yaani pikipiki kubwa za mbio zinazotokana na zile za barabarani, ibebe bendera, idhaminiwe na shirika moja kubwa la umma, ikashindane nje. Wapo waliokwisha kufika hadi kwenye rangi ya fulana.

Ombi langu ni fupi ingawa barua ni ndefu. Andiko hilo likifika mezani kwenu, msilipitishe. Na kama kuna hela yoyote iliyokuwa ikiwazwa kwa ajili yake, robo yake tu inatosha kufanya jambo ambalo nitalieleza huko mbele.

Siandiki kwa chuki. Mbio hizi nazipenda, nimezifuatilia tangu enzi za Carl Fogarty, yule Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa Superbike mara nne, 1994, 1995, 1998 na 1999, zote akiwa na Ducati. Na ni kwa kumfuatilia huyohuyo ndiyo nikajua kwamba hiki mnachoombwa kilishafanyika mahali, kwa fedha ambazo sisi hatuna, kikafa.

Mwaka 2000 Fogarty alianguka vibaya Phillip Island, Australia, na majeraha yale yakamstaafisha. Petronas, kampuni ya mafuta ya serikali ya Malaysia, ikamchukua aongoze timu, ikaitwa Foggy Petronas. Hawakutaka kununua Honda wala Ducati na kuipaka rangi. Walitaka pikipiki yao, yenye jina la nchi yao, kuanzia krankshafti hadi taa ya nyuma. Ikapewa jina FP1. Injini yake ya silinda tatu, cc 900 kasoro kiduchu, ilitokana na kazi yao pamoja na Sauber wa Uswisi, watu wa Formula 1.

Fundi yeyote atauliza: kwa nini tatu, na kwa nini 900? Sheria ya Superbike ya miaka ile ilikuwa inagawa hivi: injini ya silinda nne mwisho cc 750, ya silinda tatu mwisho cc 900, ya silinda mbili mwisho cc 1000. Ducati walikuwa wanakula kwenye hiyo ya mbili. Wajapani wengi walibanwa kwenye 750. Hapo katikati palikuwa na nafasi ambayo hakuna mkubwa aliyeikalia, na FP1 ilichongwa kuikalia. Nawaambia ukweli, ilikuwa hesabu ya akili sana. Silinda tatu ni nyembamba kuliko nne, inapanda mizunguko kuliko mbili. Mimi ningekuwa kwenye kikao kile ningepiga makofi.

Shida ni kwamba Superbike hairuhusu pikipiki ya maabara. Ni lazima uwe umeitengeneza pia ya barabarani, na kwa FP1 idadi iliyotakiwa ilikuwa 150. Kwa Honda 150 ni kazi ya muda mfupi tu. Kwa jina jipya ambalo juzi halikuwa na hata boliti lake ghalani, ni mlima. Msimu wa 2002 ukapita wakiwa bado hawajaingia uwanjani. Walipoingia 2003, sheria ilishabadilika: silinda nne nazo sasa ruksa hadi cc 1000. Wale waliobanwa kwenye 750 wakafunguliwa. FP1 ikabaki na 900 yake, imepungukiwa cc mia nzima mbele ya watu wenye viwanda vikubwa kuliko nchi nyingine.

Walipambana. Mwaka 2004 madereva wao wawili, Troy Corser wa Australia na Chris Walker wa Uingereza, kila mmoja alionja jukwaa, lakini si ngazi ya juu. Ushindi haukupatikana hata mmoja, misimu yote minne. Na kama kuna anayedhani tatizo lilikuwa kwenye mikono ya dereva, aangalie Corser: alikuwa bingwa wa dunia 1996 kabla ya kuja pale, akaondoka mwisho wa 2004 akaenda Suzuki, na mwaka uliofuata tu, 2005, akawa bingwa wa dunia tena. Mwisho wa msimu wa 2006 udhamini uliisha na timu ikafungwa.

Sasa naomba msome majina ya madereva wa kudumu wa timu ile iliyobeba heshima ya Malaysia. 2003: Troy Corser na James Haydon. 2004: Corser na Chris Walker. 2005: Garry McCoy na Steve Martin. 2006: Steve Martin na Craig Jones. Waaustralia na Waingereza watupu. Bosi Mwingereza, karakana Uingereza, akili ya injini Uswisi. Malaysia ilitoa hela na rangi. Nisieleweke vibaya, kila mmoja wao alikuwa anaijua kazi yake. Ila timu ilipofungwa, kila mtu alirudi kwao na ujuzi wake, na kijana wa Kuala Lumpur aliyekuwa anaitazama kwenye televisheni alibaki na televisheni.

Hapo ndipo wengi wanaacha kusimulia. Mimi naona ndipo utamu unapoanzia, kwa sababu Malaysia ilikuwa na mchezo mwingine wa pikipiki ambao haukuwa na injini ya Uswisi wala bingwa wa kununua.

Tangu 1994 wana mashindano yanaitwa Cub Prix. Pikipiki zake ni ndogo, cc mia na ushee, zile za kupenyeza mguu katikati ambazo kule mtu anaendea sokoni na kupelekea mtoto shule. Wenyewe wanaziita kapcai. Wanazichukua hizohizo, wanazichokonoa kwa mujibu wa sheria, wanazunguka nazo mji hadi mji. Si lazima pawe na uwanja wa kifahari. Batu Kawan, kule Penang, wamekimbia eneo la uwanja wa mpira. Watu wanakuja na familia, mafundi wa mitaani wanapata majina, na kila kiwanda kinachouza pikipiki nchini kinataka yake ionekane mbele, maana mteja wa Jumatatu yupo pale pale Jumapili anaangalia.

Kwenye kapcai ndiko alikotoka Hafizh Syahrin. Mwaka 2012 aliingizwa kama mgeni kwenye mbio za dunia za Moto2, daraja moja chini ya MotoGP, kwenye uwanja wa Sepang hukohuko Malaysia, mvua ikanyesha, kijana wa miaka 18 akaongoza mbele ya wanaoshindana dunia nzima na kumaliza wa nne. Mwaka 2018 akawa Mmalaysia wa kwanza kukimbia msimu MotoGP, daraja la juu kabisa. Mwenzake Khairul Idham Pawi alishinda Moto3, daraja chini ya Moto2, kule Argentina mwaka 2016, mbio yake ya pili tu ya dunia, mvua tena, akiwaacha wenzake sekunde zaidi ya ishirini. Mwaka huohuo akashinda na Ujerumani. Wimbo wa taifa wa Malaysia ulipigwa kwa sababu ya Mmalaysia.

Na msije mkaambiwa kwamba FP1 ilikosea bahati tu. Petronas walirudi baadaye, safari hii MotoGP, na timu ya Sepang, kwa pikipiki za Yamaha. Walianza 2019. Mwaka 2020 Fabio Quartararo, Mfaransa, akawapa ushindi wa kwanza Jerez, na Franco Morbidelli, Mwitaliano, akamaliza wa pili kwenye ubingwa wa dunia. Mafanikio ya kweli kabisa. Mwisho wa 2021 Petronas wakaondoka, jina la timu likafa. Yaani ukishindwa mdhamini anaondoka, ukishinda pia anaweza kuondoka. Cub Prix bado ipo.

Kuna watakaowatajia Brad Binder wa Afrika Kusini kwamba mbona Mwafrika kafika. Kafika, tena kwa kishindo: bingwa wa dunia wa Moto3 2016, kisha Agosti 2020 akashinda MotoGP kule Brno, mbio yake ya tatu tu kwenye daraja lile, ushindi wa kwanza wa KTM, kiwanda cha pikipiki cha Austria, na wa kwanza kwa Mwafrika Kusini daraja la juu. Lakini hakubebwa na timu ya taifa. Alipitia Rookies Cup ya Red Bull kule Ulaya, mashindano ya chipukizi ambayo pikipiki zote ni KTM za aina moja, mali ya mwandaaji. Mtoto haji na pikipiki ya baba yake. Shikeni hilo la pikipiki za mwandaaji, nitalirudia.

Halafu kuna hili ambalo vijana wa kijiweni kwangu hawaamini nikiwaambia. Bajaj, haohao wanaotengeneza Boxer, wana hisa KTM tangu 2007. TVS nao wana timu yao ya mbio tangu 1982, na mwaka 2020 wakainunua Norton, jina la kale la pikipiki za Kiingereza. Hawa watu tunaokutana nao kwenye duka la vipuri hapa mjini ndio wako ndani ya mchezo huu hadi shingoni. Sijasikia mtu aliyewaendea kuwaomba watufadhili mbio. Wote wanawaza kampuni ya mafuta.

Waheshimiwa, mbio za pikipiki Arusha zipo tayari. Zipo usiku, kwenye baipasi, ile barabara ya mchepuo inayozunguka mji kutoka Ngaramtoni hadi Usa River. Lami nzuri, imenyooka, malori yamepungua. Trafiki wakitokea vijana wanazima taa na kukimbia gizani. Mnajua na mimi najua.

Mmoja wao aliniletea Boxer 150 nimkazie boliti za injini kwa sababu ilikuwa inatetema. Nikaiangalia vizuri. Sproketi ya nyuma ameweka yenye meno machache ili iende mbali zaidi kwenye gea ya mwisho. Sponji ya siti ameikata mbele ili alale juu ya tangi, pegi za abiria ndizo anazoweka miguu. Njia ya hewa kwenye hedi ameilainisha kwa msasa, tena kwa subira, huoni mkwaruzo. Nikamuuliza jeti ya kabureta amejuaje ukubwa. Akatoa daftari. Kurasa za nyuma ni hesabu ya tajiri, kila siku ameleta ngapi na anadaiwa ngapi. Kurasa za mbele ameandika namba ya jeti, hali ya hewa, na sekunde kutoka kalavati moja hadi jingine, amepima kwa simu. Pluki akitoa anaandika na rangi yake. Hajafundishwa na mtu. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ambao hawana daftari la namna hiyo.

Huyo ndiye timu ya taifa. Hajui hivyo, na mkimkuta mtamwandikia faini, na mtakuwa na haki, kwa sababu mahali alipo anaweza kumuua mama anayevuka na ndoo.

Sasa kwenye ombi lenyewe. Tunaomba lami iliyofungwa, Jumapili moja kila mwezi, basi. Uwanja wa mpira wa watu 30,000 wa AFCON ya 2027 pale Olmoti una eneo kubwa kuzunguka, na siku zisizo na mechi ni nyingi kuliko za mechi. Kama Penang wamezunguka uwanja wao, sisi tunashindwa nini? Wenzetu wa Moshi nao wanayajua maeneo yao yanayolala bure siku hiyo. Kona zibane, mwendo uwe wa chini, ujuzi uonekane kwenye kona badala ya kwenye mstari mrefu. Tairi chakavu tunazo, kila gereji ina lundo, zitapangwa pembeni. Magunia ya pumba hayakosekani mkoa huu.

Suala la pikipiki ni zito kuliko linavyoonekana toka ofisini. Kijana wa bodaboda pikipiki si yake. Ni ya tajiri anayesubiri hesabu jioni, au ni ya mkataba ambao hajamaliza. Akianguka nayo mbioni, hajapoteza mbio, amepoteza kazi na amepata deni. Kwa hiyo mashindano yoyote yatakayomwambia "njoo na pikipiki yako" yatawaleta watoto wa wenye nacho na kumwacha mwenye daftari. Ndiyo maana nimewaambia mshike lile la Rookies Cup. Kundi la Boxer au TVS za aina moja, mali ya chama cha mchezo, injini zimepigwa lakiri, zinagawiwa kwa kura asubuhi ya mbio. Superbike moja ya kweli, kabla hujaifunga kifaa hata kimoja cha mbio, bei yake inanunua Boxer za kijiwe kizima na chenji inarudi. Motokrosi, mbio za pikipiki kwenye vumbi na matuta, ipo nchini na ina watu wake, nawaheshimu, lakini pikipiki yake hainunuliki kwa hela ya kubeba abiria. Wakenya wana kiwanja chao Jamhuri, Nairobi, Waganda wana Busiika. Sisi kila mwaka tunazungumza.

Usalama sitaupamba. Pikipiki inaua hata kwenye uwanja wenye madaktari. Yule Craig Jones niliyemtaja, kijana wa FP1 ya mwisho, alifariki Agosti 2008 baada ya kuanguka Brands Hatch kwenye mbio za Supersport, ana miaka 23. Kwa hiyo tusidanganyane: gari la wagonjwa lisipokuwepo, mbio hazianzi, hata kama mgeni rasmi ameshakaa. Kofia ngumu iwe nzima ya kufunika kidevu, si zile za nusu zinazovaliwa kwa ajili ya trafiki. Glavu, koti zito, viatu vya kufika juu ya kifundo. Bima ya siku. Leseni ya udereva lazima, na hapo mtaona ajabu, vijana ambao mmewahimiza miaka yote wakate leseni watakata wenyewe ndani ya mwezi, kwa sababu sasa kuna kitu upande wa pili wa dirisha. Anayekamatwa baipasi usiku afutwe msimu mzima. Wenyewe watalindana kuliko doria yoyote.

Kukagua pikipiki kabla ya mbio tutakagua sisi mafundi, bure. Breki, cheni, shokapu, paipu ya mafuta, kila kitu. Nimeshaongea na wenzangu wa Sakina, Kijenge na Unga Limited na wamekubali, ingawa wa Unga Limited anataka chakula cha mchana, na mimi sioni ubaya.

Mkanda huu wetu si mgeni kwa injini. Mbio za magari za East African Safari zilipita ardhi hii, na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alizishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo lilikuwa teksi ya kila mji. Hakuhitaji gari la maabara.

Miaka kadhaa ya mbio ndogo kama hizo na mtakuwa na majina, muda wao umeandikwa, tabia zao zinajulikana. Hapo mtu akija na andiko la superbike na bendera, mtakuwa na dereva wa kumkalisha juu yake. Leo hamna. Leo mtakodi Mwaustralia.

Nina swali moja ambalo naomba lijibiwe hata kama mengine yote mtayaweka kapuni. Kibali cha kufunga kipande cha lami kwa Jumapili moja kinaombwa ofisi gani? Tulipouliza, ofisi moja ilisema pikipiki ni chombo cha usafiri, si mchezo, twende kwingine. Hiyo nyingine ikasoma neno "mashindano" ikaturudisha kule kwa kwanza. Barua yetu ina mihuri miwili ya kupokelewa na haina jibu. Tutajieni ofisi na jina la cheo, tutaipeleka kwa mkono siku hiyohiyo.

Ndimi wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi pikipiki
Kwa Mrombo, Arusha

Nakala: Mkuu wa Usalama Barabarani, Mkoa wa Arusha; Mkuu wa Usalama Barabarani, Mkoa wa Kilimanjaro; viongozi wa vijiwe vya bodaboda, Arusha na Moshi